Maswali ya Wasomaji: Adabu ya Kuwatazama Wanyama Mabondeni

Toleo lililopita liliwaalika wasomaji watuletee maswali kuhusu matembezi katika mabonde ya milimani. Barua zilizofika zinaonyesha kwamba wengi hawana shida ya kujua waende wapi. Kinachowasumbua ni wafanyeje wakishafika. Nimechagua zile zinazogusa mambo ambayo waandaaji wa safari huyapitia juu juu, na nimezifupisha bila kubadili maana yake.

Ndugu Mhariri, kila hifadhi niliyoitembelea au kusoma habari zake ina umbali wake wa kukaa na wanyama. Mahali pamoja ni mita 7, pengine ni 10, na pengine karibu 100. Umbali ulio sahihi ni upi?

Tofauti hizo zina sababu zake. Hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani inamtaka mgeni akae angalau mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, na mita 23 kutoka kwa nyati na wanyama wengine wakubwa, kwa kuwa hofu kubwa ya wasimamizi wa pale ni mgeni kujeruhiwa. Kwa gorila wa milimani wa Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hofu imegeuka upande: anayehatarishwa ni mnyama. Gorila huambukizwa magonjwa ya njia ya hewa ya binadamu, na mwaka 2009 nchini Rwanda gorila wawili walikufa katika mlipuko wa ugonjwa uliohusishwa na kirusi cha binadamu. Kwa miaka mingi umbali uliowekwa ulikuwa mita 7. Baada ya UVIKO-19 ukaongezwa hadi mita 10 na barakoa zikawa sharti, huku muda wa kukaa nao ukibaki saa 1 na kundi la wageni likiwa la watu 8 kwa wingi.

Namba hizo, hata hivyo, huwekwa kwa ajili ya hifadhi nzima, nazo haziwezi kujua umesimama wapi. Katika uwanda ulio wazi, mnyama anayekerwa na ujio wako husogea upande wowote apendao akaendelea kula. Bondeni hana nafasi hiyo. Upande mmoja kuna mto, upande wa pili kuna jabali, na zinazobaki ni njia mbili tu, ya kwenda juu na ya kwenda chini, kama ujia wa nyumba wenye mlango huku na mlango kule. Watu sita wakijikusanya penye mlango mmoja, hata wakiwa mita 150 kutoka kwa mnyama, wamekwisha kumnyima nusu ya njia zake za kuondokea. Kwa sababu hiyo, kabla ya kupima umbali, mtazamaji wa bondeni hujiuliza kwanza: mnyama huyu akitaka kuondoka sasa hivi, atapita wapi? Ikiwa atalazimika kupita uliposimama, uko karibu mno, hata kama kibao cha langoni kinakuruhusu kusimama hapo.

Kutokana na hilo yapo mambo yanayofuata. Kundi lisigawanyike pande mbili za mnyama, hata kwa ajili ya kupiga picha. Wanyama wa majabalini, kama mbuzi mwitu na kondoo mwitu, wasikaribiwe kutoka juu, kwa maana wao hukimbilia kwenye miamba iliyo juu yao, na mtu anayejitokeza huko huwa amewaondolea kimbilio lenyewe. Mahali pazuri kuliko pote, ikiwa bonde linaruhusu, ni mteremko wa ng'ambo. Wanaokwenda Ladakh, kaskazini mwa India, kumtazama chui wa theluji hukaa upande mmoja wa bonde na kuupekua upande wa pili kwa darubini zilizosimamishwa juu ya miguu mitatu, mnyama akiwa mita mia kadhaa mbali nao, na mara nyingi humwona akilala, akijinyoosha na kujilamba, mambo ambayo asingeyafanya mbele ya mtu aliyemsogelea.

Ukiwa huna namba yoyote ya kufuata, nyoosha mkono wako wote mbele, simamisha kidole gumba na ufumbe jicho moja. Kidole kikishindwa kumfunika mnyama mzima, rudi nyuma. Kisha mtazame anafanya nini. Akiacha kula, akiinua kichwa, akakuelekezea masikio yote mawili au akigeuza kiwiliwili chake tayari kwa kuondoka, tayari umekwisha kumgharimu, na huna haja ya kungoja akimbie ndipo uamini.

Tulitembea kimya kabisa, hatukujipaka manukato, na tulivaa nguo za rangi ya majani makavu. Lakini kila tulipofika mahali ambapo wenzetu walikuwa wameona wanyama alfajiri, tulikuta nyayo tu. Tulikosea nini? Tuliondoka kambini saa 4 asubuhi tukapanda bonde kufuata mto.

Saa yenu ya kuondoka ndiyo iliyowasaliti, na aliyepeleka habari zenu ni upepo.

Usiku, hewa iliyo kwenye miteremko hupoa, ikawa nzito, ikateremka hadi chini bondeni, kisha ikafuata mto kuelekea nchi ya chini. Jua likishapiga miteremko na kuipasha joto, mwendo huo hugeuka: hewa hupanda miteremkoni, na upepo wa bonde zima huanza kuvuma kutoka chini kwenda juu, hadi jioni miteremko inapopoa tena. Mgeuko huu haufanyiki pote kwa dakika ile ile. Mteremko unaolitazama jua la asubuhi hutangulia, na ule ulio kivulini huchelewa. Hata hivyo, katika asubuhi yenye mbingu safi, saa chache baada ya jua kuchomoza upepo huwa umekwisha kugeuka.

Nanyi mliondoka saa 4, mkapanda, upepo ukiwa mgongoni mwenu. Harufu ya watu, ya viatu na ya chakula mlichobeba iliwatangulia katika kila kona ya mto. Rangi ya nguo ilikuwa na umuhimu mdogo, kwa kuwa wanyama wengi wenye kwato hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, ila pua zao hazidanganyiki.

Safari iliyopangwa vizuri hufuata saa ya upepo. Pandeni bonde kukiwa bado na giza la alfajiri au mapema sana asubuhi, hewa ikiwa inateremka na kuwapiga usoni. Pumzikeni juu wakati wa adhuhuri. Kisha teremkeni alasiri, upepo ukiwa unapanda na kuwapiga usoni tena. Chukueni vumbi kavu kidogo katikati ya vidole, mliachie likiwa usawa wa kifua na mtazame linakokwenda. Fanyeni hivyo kila bonde linapopinda au mnapokutana na kijibonde cha pembeni, kwani vijibonde hivyo vina pepo zao wenyewe. Mawingu mazito na dhoruba huvuruga utaratibu wote huu, na siku hizo hakuna kanuni ya kutegemea isipokuwa vumbi lenyewe.

Kuna jambo la sauti pia. Mkiona asubuhi ukungu umelala chini bondeni na vilele viko wazi, jueni kwamba hewa baridi imenaswa chini ya hewa yenye joto. Katika hali hiyo sauti hupinda kurudi chini badala ya kupotelea juu, ikasafiri mbali kuliko kawaida; mlango wa gari unaofungwa kwa kishindo husikika hadi mwisho wa bonde. Fungeni milango kwa kuisukuma polepole, na mazungumzo ya kupanga siku yamalizikie ndani.

Je, droni ndogo isiyo na kelele nyingi inakubalika, ikiwa inarushwa juu sana na wanyama hawakimbii?

Hapana. Mamlaka ya hifadhi za taifa za Marekani ilizipiga marufuku mwaka 2014, na hifadhi nyingi za nchi nyingine hazizikubali bila kibali maalumu. Hoja ya kwamba wanyama hawakimbii ndiyo inayohitaji kujibiwa, kwa sababu inaonekana ya kweli. Watafiti wa jimbo la Minnesota waliotoa matokeo yao mwaka 2015 walikuwa na dubu weusi waliofungwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, kisha wakarusha droni juu yao. Dubu wengi hawakuondoka walipokuwa, lakini mioyo yao ilipiga mbio; wa mmoja wao ulitoka mapigo 41 kwa dakika hadi 162. Mtu aliyekuwa akitazama kwa macho tu angeandika kwamba mnyama hakujali.

Bondeni ubaya huongezeka, kwa kuwa sauti hugonga kuta za pande mbili na kurudi, na kwa kuwa droni iliyo "juu sana" kwa mtu aliye chini mtoni huwa usawa wa macho wa kozi au tai aliyeatamia mayai kwenye genge.

Napenda sana kutazama ndege. Wenzangu hupiga sauti ya ndege iliyorekodiwa kwenye simu ili ajitokeze. Mimi sina hakika kama ni sawa.

Wasiwasi wako una msingi. Ndege dume anaposikia sauti ya mwenzake wa jinsi hiyo ndani ya eneo lake huamini kwamba amevamiwa. Huacha kula au kulisha makinda, akaja kumtafuta mvamizi ambaye hayupo, akaimba, akahangaika, na kundi likishapiga picha na kuondoka hubaki akilinda mipaka dhidi ya hewa tupu. Mara moja pengine hakuna dhara kubwa, lakini penye njia inayopitwa na kundi baada ya kundi, kila moja na simu yake, ndege yule yule huvamiwa tangu asubuhi hadi jioni. Katika milima mirefu, ambako majira ya kuzaliana ni mafupi, muda huo hauna namna ya kurudishwa. Kwa maoni yangu sauti hizo zisitumike kabisa kwa ndege walio adimu, wakati wa kuatamia na kulea, wala mahali panapotembelewa na watu wengi. Na ukishaondoa hali hizo zote tatu, utaona kwamba hakijabaki kitu cha maana.

Badala yake, jifunze kusikiliza. Mto wa mlimani una mngurumo mzito unaofunika sauti nyingi, na ndege wengi waishio kando yake huimba kwa sauti nyembamba ya juu inayopenya mngurumo huo. Sogea hatua chache nyuma ya mwamba mkubwa au kona inayokata kelele za maji, fumba macho kwa dakika kadhaa mwanga unapoanza, halafu rudi ukingoni ukisikiliza tofauti. Utagundua kwamba ndege uliyekuwa ukimwita yupo karibu siku zote.

Tulipofika kwenye korongo moja lenye maporomoko ya maji, tulitakiwa kusugua viatu na kuvikanyagisha katika beseni la dawa kabla ya kuingia. Baadhi yetu waliona ni kupotezewa muda. Kuna sababu gani ya maana?

Sababu ni vyura, na mfano wake mzito uko Tanzania.

Katika korongo la Kihansi, kwenye ukingo wa Milima ya Udzungwa, aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo wa rangi ya dhahabu, mwenye urefu wa takriban sentimita 2 tu, ambaye huzaa watoto walio kamili bila ya kupitia hatua ya viluwiluwi. Aliishi katika eneo dogo mno, kwenye majani yaliyolowanishwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko, na hakujulikana kuwapo mahali pengine popote duniani. Maji ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo ya kuzalisha umeme, manyunyu yalipungua sana; ikabidi mabomba ya kunyunyizia maji yafungwe ili kuiga hali ya awali, na vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani kulelewa katika bustani za wanyama. Mwaka 2003 idadi ya waliobaki korongoni iliporomoka ghafla, na katika vyura waliokufa ukapatikana ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Wale waliolelewa ng'ambo ndio waliozaa kizazi kilichoanza kurejeshwa korongoni mwaka 2012.

Kuvu hiyo haikuishia Kihansi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 uliihusisha na kupungua kwa aina 501 za vyura na jamaa zao duniani, na 90 kati ya hizo zinadhaniwa zimetoweka kabisa. Chura hupumua na kunywa maji kwa ngozi yake, hivyo ugonjwa unaoharibu ngozi humkatia uhai. Nayo husafiri ndani ya maji na matope mabichi, yaani ndani ya kile hasa kinachong'ang'ania kwenye nyufa za soli ya buti lililokanyaga kijito cha bonde jingine jana yake.

Ukielewa hilo, utaona pia namna ya kuifanya kazi hiyo ipasavyo. Dawa ya kwenye beseni haipenyi donge la tope. Kwanza toa tope lote kwa brashi, pamoja na lile lililojificha chini ya ulimi wa kiatu na kwenye ncha ya fimbo ya kutembelea, ndipo ukanyage dawa. Ukirudi nyumbani, vianike viatu hadi vikauke kabisa ndani na nje, kwani kuvu hiyo haistahimili ukavu. Mgeni anayetembelea mabonde mawili katika safari moja afadhali awe na jozi mbili.

Nimeona mtoto wa swala amejikunja peke yake majanini, mama yake haonekani. Nilishawishika kumchukua nimpeleke kwa wahifadhi. Ningefanya vema?

La. Jamii nyingi za swala na kulungu huwaficha watoto wao katika siku za mwanzo, na mama hukaa mbali makusudi ili harufu yake isiwaelekeze maadui. Hurudi kunyonyesha mara chache, na hatarudi ukiwa umesimama hapo. Mtoto naye amezaliwa na akili ya kutojitikisa hata ukimkaribia, jambo ambalo watu hulidhania kuwa udhaifu. Ondoka kwa njia uliyojia, usimguse, usikanyage majani ya kumzunguka. Ukiwa umeona jeraha, au mama amekufa karibu naye, kariri mahali hapo na uwaarifu wahifadhi, waende wenyewe.

Mwongozaji wetu alitoka nje ya njia ili kutusogeza karibu na kundi la nyani, kwa sababu wenzangu walimwahidi bahashishi kubwa zaidi. Nilijisikia vibaya lakini nilinyamaza. Ningesema nini, na nitampataje mwongozaji asiyeyumba?

Katika habari uliyoleta, aliyeyumba kwanza ni mgeni. Mwongozaji anayetegemea bahashishi hujifunza upesi kile ambacho wageni hulipia. Wakilipia ukaribu, atauza ukaribu, na baada ya msimu mmoja nyani watakuwa wamezoea watu, wameanza kunyang'anya mifuko, na atakayelaumiwa ni nyani.

La kusema lisemwe kabla safari haijaanza, na lisemwe mbele ya kundi zima, kwa sababu likishakuwa la kumkosoa mtu katikati ya njia huwa limechelewa na linamvunjia heshima. Yatosha kumwambia: "Ndugu, sisi hatutasikitika tusipoona mnyama, na tusingependa utoke njiani kwa ajili yetu." Maneno hayo humwondolea mzigo ambao wageni wengi hawajui kwamba wamembebesha. Na mwisho wa siku, ukimpa bahashishi, mweleze unampa kwa ajili ya nini: kwa kuwaonyesha kinyesi cha chui na kusoma umri wake, kwa kungoja saa nzima chini ya mti wa mkuyu uliozaa, kwa kukataa kusogea mlipomshawishi.

Kuhusu kumpata, muulize swali moja tu wakati wa makubaliano: tusipoona wanyama, siku yetu itakuwaje? Anayejibu kwamba haiwezekani msiwaone, mwache. Anayeanza kukueleza habari za miti, mawe, nyayo na historia ya bonde, huyo ndiye. Mwenyeji wa bonde hilohilo ana faida nyingine: mashamba yanayoliwa na wanyama ni ya jamaa zake, na mapato ya wageni ni sehemu ya fidia. Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa ajili ya miradi ya wananchi wanaozizunguka, na Uganda hutoa asilimia 20 ya ada za kiingilio. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa wakizungumzia hifadhi, lakini ni vigumu kuona bonde ambamo wanyama wataishi muda mrefu ikiwa mwenyeji haponi.

Ninataka kununua darubini ya kwanza. Muuzaji ananishauri ile inayovuta sana kwa kuwa milimani ni mbali. Nimsikilize?

Usimsikilize. Darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8×42: ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Inayokuza mara 12 hukuza pia mtetemeko wa mikono, na mtu aliyetoka kupanda kilima huku moyo ukimdunda haoni nayo chochote ila ukungu unaocheza. Kisha gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 ni 5.25, na huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaolifikia jicho lako. Kwa darubini ndogo ya 10×25, 25 kwa 10 ni 2.5 tu. Mchana tofauti hiyo huioni. Alfajiri na magharibi, wakati mboni ya jicho imepanuka na wanyama ndipo wanapotembea, darubini ya pili itakuonyesha giza. Chukua 8×42, egemeza viwiko juu ya mwamba, ugawe mteremko wa ng'ambo katika mistari na uupekue polepole kutoka karibu kwenda mbali, ukitafuta mstari wa mgongo uliolala kati ya mashina yaliyosimama wima.

Je, kuna ubaya kuandika mahali nilipopigia picha ninapoiweka mtandaoni?

Kwa mnyama wa kawaida kwenye njia ya kawaida, hakuna. Kwa kiota, pango la kuzalia, ua adimu au mnyama anayewindwa, usitaje bonde, usionyeshe kilele kinachotambulika nyuma ya picha, na uzime alama ya mahali ambayo simu huiambatanisha yenyewe na kila picha. Kutaja jina la safu ya milima kunatosha.

Samahani kwa swali hili: mtu akibanwa na haja bondeni mahali pasipo na choo, afanyeje? Na sabuni zinazosemekana kwamba haziharibu mazingira zinaweza kutumiwa kijitoni?

Huna haja ya kuomba radhi. Ni swali ambalo wengi huona haya kuliuliza hadi wakiwa kichakani. Maji yote ya bonde huishia katika mto mmoja, na chini ya mto huo kuna wanaokunywa, watu na wanyama. Ondoka angalau mita 60 kutoka kwenye maji, njia na kambi, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, kisha ufukie. Karatasi irudi nawe katika mfuko uliofungwa. Juu kabisa, ambako udongo ni haba na baridi huzuia kitu kuoza, kufukia hakusaidii, na hifadhi nyingi huwataka wageni wabebe kila kitu kurudi nacho. Sabuni yoyote, iandikwe vyovyote, huhitaji udongo ili ivunjwevunjwe. Chota maji, ukanawe mbali na kijito ule ule umbali wa mita 60.

Tulisafiri mwendo mrefu tukakuta bonde limefungwa kwa miezi kadhaa. Hatukuona mnyama wala kiota mahali popote. Hufungwa kwa faida ya nani?

Mara nyingi kwa faida ya mnyama ambaye hamkumwona kwa kuwa limefungwa. Mfano mmoja ni tumbusi wenye ndevu wa milima ya Alps, wale wanaodondosha mifupa juu ya miamba ili wale uboho wake. Waliuawa wote mwanzoni mwa karne ya 20. Kuanzia mwaka 1986 makinda waliolelewa na watu yaliachiwa katika bonde la Rauris nchini Austria, na ilichukua hadi mwaka 1997 kinda la kwanza lililozaliwa porini kuruka, huko Ufaransa. Ndege hawa hutaga katikati ya majira ya baridi, wakati ambapo mtu wa kawaida hafikirii habari za viota. Mpanda majabali mmoja tu akipita karibu, mzazi huinuka, na yai hupoa kwa dakika chache.

Wako pia ndege wa jamii ya kwale waishio huko ambao huupitisha usiku na sehemu kubwa ya mchana wa majira ya baridi ndani ya vishimo walivyochimba katika theluji, wakitunza nguvu. Mtu anayeteleza juu ya theluji kwa mchezo huwafukuza bila hata kuwaona. Ndiyo maana Uswisi imetenga maeneo ya mapumziko ya wanyama, na hifadhi ya taifa ya nchi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1914, hufungwa kabisa wakati wa baridi na hairuhusu mgeni kutoka njiani hata hatua moja majira mengine. Matokeo yake yanaonekana katika bonde la Val Trupchun ndani ya hifadhi hiyo hiyo: kila Septemba kulungu dume wenye pembe za matawi hunguruma na kupambana mchana kweupe mbele ya wageni waliokaa njiani, kwa kuwa wamejifunza kwamba watu hawavuki mstari ule.

Si kila kufunga kuna haki. Bonde linalofungiwa wafugaji na wakusanyaji dawa waliolitumia vizazi kwa vizazi, huku likifunguliwa kwa wageni wachache wenye uwezo, lina swali la kujibu, na msomaji ana haki ya kuliuliza kwa wasimamizi. Lakini la kwako lilikuwa la miezi kadhaa, kwa watu wote, na hilo halikunyimi kitu ila tarehe.

Mbwa wangu ni mtulivu na habweki. Naweza kwenda naye akiwa amefungwa kamba?

Mwache nyumbani. Kwa mnyama wa porini, mbwa aliyefungwa kamba bado ni mbwa, na harufu yake hubaki njiani baada ya nyinyi kuondoka. Hifadhi ya Uswisi niliyoitaja haimkubali hata akiwa na kamba. Na katika milima yenye mifugo, mbwa wa wachungaji waliofundishwa kulinda kondoo dhidi ya mbwa mwitu watamkabili wako kabla hujafikia zizi. Ukikutana nao ukiwa peke yako, simama, zungumza kwa sauti ya kawaida, usiinue fimbo, na ulizunguke kundi la kondoo kwa mbali.